Waifai haionekani kwenye Linux: anza na namba ya kadi, usipige ramli

Swali lenyewe ni hili, nimelifupisha kidogo: "Mkuu habari za kazi. Nina laptopu ya HP ya siku nyingi kidogo, nimetoa Windows nikaweka Ubuntu 22.04. Kila kitu kiko sawa, sauti ipo, kamera ipo, ila waifai hamna kabisa, nikiingia kwenye setingi inaniambia hakuna adapta. Kwenye Windows ilikuwa inashika vizuri tu. Nimefuata video kama tano hivi, nimeinstoli draiva ya Realtek, nimeweka fimwea ya Intel, nimeandika mistari ya blacklist kama walivyoelekeza, wapi. Waya wa netiweki sina. Nimekuwekea majibu ya lspci. Je kadi ndo imekufa?"

Nzuri ndugu yangu, na pole kwa kuhangaika. Kadi yako haijafa, na nasema hivyo kwa uhakika kwasababu ya hayo majibu uliyoweka, kadi iliyokufa kwa kawaida hata lspci (amri inayoorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya kompyuta) haiioni. Yako inaonekana, ina jina na namba, shida ni kwamba hakuna kitu ndani ya Linux yako kinachojua kuongea nayo, yaani draiva yake. Umeinstoli draiva ya Realtek na fimwea ya Intel wakati kadi si ya Realtek wala Intel, ni sawa na kumpa mtu funguo za nyumba mbili za jirani afu unamshangaa mbona hafungui mlango wa kwake.

Tusome pamoja ulichonitumia, maana hapa ndo kila kitu kinaanzia na ndo hatua ambayo watu wengi wanairuka. Amri ni hii, inaandikwa kwenye Terminal, lile dirisha la kuandikia amri, kwa atakayetaka kuangalia ya kwake:

lspci -nnk

Na mistari yako inayotuhusu ni hii:

02:00.0 Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365] (rev 01)
Kernel driver in use: bcma-pci-bridge
Kernel modules: bcma

Angalia kwenye mabano ya mwisho, 14e4:4365. Hiyo ndo jina la kweli la kadi yako, mengine yote ni maelezo tu. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji wa chipu, 14e4 ni Broadcom, na nusu ya pili ni chipu yenyewe. Ungeona 10ec ni Realtek, 168c ni Qualcomm Atheros, 14c3 ni MediaTek, na 8086 ni Intel, hii ya mwisho ni rahisi kukumbuka maana ndo namba ya ile prosesa yao ya mwaka 1978. Ukiitafuta hiyo namba mtandaoni na neno Linux mbele yake utapata majibu ya kadi yako, ila ukitafuta jina la laptopu unaweza kupotea kabisa, kwasababu laptopu mbili za modeli moja, stika ileile chini, zinaweza kuwa na kadi tofauti za waifai. Nadhani hizo video tano zilikuwa za watu wenye laptopu kama yako ila ndani kadi si yako.

Sasa mstari wa pili, hapa wengi wanadanganyika. Imeandikwa draiva inayotumika ni bcma-pci-bridge, mtu anaona neno draiva anasema basi draiva ipo tatizo liko kwingine. Hapana. Hiyo bcma ni daraja tu, inaitambua chipu ya Broadcom ikikaa kwenye basi la PCI (njia inayounganisha vifaa ndani ya kompyuta) afu inasubiri draiva halisi ya waifai ije ikae juu yake, na kwa BCM43142 hiyo draiva halisi haimo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) ya kawaida. Ndo maana ukiandika ip link (amri ya kuorodhesha njia za mtandao) huoni kitu kinachoanza na wl, yaani waifai.

Kwanini haimo? Broadcom kwa miaka mingi hawakutoa maelezo ya chipu zao kwa watu wa Linux, ikabidi watu wajitolee kuzichunguza draiva za mifumo mingine kipande kwa kipande mpaka wakaandika ya kwao, ikaingia kwenye kerneli 2.6.17 mwaka 2006, na iliyoirithi inaitwa b43 ikaingia 2.6.24 mwaka 2008. Kazi kubwa sana ile, mpaka leo naiheshimu. Mwaka 2010 Broadcom wenyewe wakaachia draiva ya wazi, ila ya chipu chache tu, yako haimo. Kwahiyo chipu yako imebaki na njia moja, draiva ya Broadcom iliyofungwa inayoitwa wl, sehemu ya msimbo iko wazi na sehemu imeshakompailiwa tayari (imegeuzwa kuwa lugha ya mashine) huwezi kuona ndani, toleo lake ni 6.30.223.271 la mwaka 2015 na wasambazaji wa Linux ndo wamekuwa wakiitia viraka iendelee kukubali kerneli mpya. Kwenye Ubuntu 22.04 pakeji yake inaitwa bcmwl-kernel-source, kwenye Debian inaitwa broadcom-sta-dkms.

Kabla ya kuinstoli tusafishe kwanza yale uliyoyafanya. Usiruke hapa hata kama una haraka, maana mstari wa blacklist, yaani wa kuzuia moduli (kipande cha kerneli kama draiva) isijipakie, ukishauandika unabaki palepale hata uristati mara ishirini, na ukiwa umezuia moduli ileile tunayoitaka utainstoli vizuri kabisa afu ukiristati haitajipakia yenyewe, utaanza upya kudhani kadi mbovu. Andika:

grep -rn blacklist /etc/modprobe.d/

Itakuja mistari mingi, mingi ni ya Ubuntu yenyewe usiiguse. Tafuta faili ulilotengeneza wewe kwa kufuata video, na hasa mstari wowote unaosema blacklist wl. Ukiukuta ufute, kama faili zima ni la kwako lifute lote. Afu andika dkms status (inaonyesha draiva zinazokompailiwa kwenye mashine yako) uone ile draiva ya Realtek imekaaje, ikionekana hapo itoe kwa sudo dkms remove ukifuatisha jina na toleo kama lilivyoandikwa na --all mwishoni. Haina ubaya mkubwa ikibaki, ila kila kerneli ikija mpya itajaribu kujikompaili na siku ikishindwa itakuletea makosa kwenye apdeti usijue yametoka wapi. Malizia na sudo update-initramfs -u, ili mabadiliko yaingie kwenye faili la kuwashia Linux.

Haya, intaneti bila waifai na bila waya. Hapa simu inatosha. Chomeka simu ya Android kwa kebo ya USB, ingia kwenye setingi za hotspoti washa ile ya kushea intaneti kwa USB, subiri sekunde chache, Ubuntu itaiona simu kama vile umechomeka waya wa netiweki, kwenye ip link utaona kitu kama usb0 au jina refu linaloanza na enx. Na watu wengi hawajui hili, kama simu iko kwenye waifai basi inaipitisha hiyo waifai kwenda kwenye laptopu, hutumii data yako ya simu hata kidogo. Angalia kebo tu, kuna kebo za kuchajia peke yake hazipitishi data, ukichomeka na ile setingi ya kushea ikabaki imefifia jaribu kebo nyingine kwanza. iPhone nayo inafanya, ila lazima ukubali ile meseji ya kuiamini kompyuta.

Intaneti ikishakuja:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source

Huo mstari wa kati ni wa lazima. Hii draiva haiji tayari, inakompailiwa hapohapo kwenye mashine yako kulingana na kerneli uliyonayo, na bila hizo heda (mafaili ya maelezo ya kerneli) haina cha kukompailia. Angalia maandishi yanavyopita, usiondoke. Ikimaliza:

sudo modprobe -r b43 brcmsmac bcma ssb
sudo modprobe wl

Mstari wa kwanza unatoa zile zinazoishikilia chipu, ikikulalamikia kwamba moduli fulani haipo au inatumika usijali, endelea. Mstari wa pili ukikaa kimya bila kusema chochote basi imekubali, subiri kidogo angalia juu kwenye kona, orodha ya mitandao inatakiwa ianze kujaa.

Ila kuna uwezekano mkubwa isikae kimya, itakuandikia could not insert 'wl' na mbele yake Key was rejected by service, au kwenye kerneli za nyuma Required key not available. Ukiona hivyo usifute kitu wala usirudie kuinstoli. Hiyo ni Secure Boot. Inakubali moduli zilizosainiwa tu, na hii umeikompaili wewe nyumbani, haina saini inayoaminika na mashine. Hakikisha kwa kuandika mokutil --sb-state, ikisema enabled ndo yenyewe.

Wengi watakwambia ingia BIOS (setingi za mashine kabla mfumo haujawaka) uzime Secure Boot, na kweli itafanya kazi. Mimi sipendi hiyo njia, kwanza unaondoa ulinzi wa mashine nzima kwa ajili ya kadi moja, pili kwa mwenye Windows pembeni iliyofungwa na BitLocker (kufuli la diski la Windows) akizima anaweza kuwasha akakuta anaombwa ufunguo wa kurejesha ambao hata hakumbuki aliuweka wapi. Njia nzuri ni kusajili ufunguo wa mashine yako. Ubuntu wakati wa kuinstoli ile pakeji huwa inakuomba utunge pasiwedi, wengi wanaipita bila kusoma. Kama uliipita rudia hivi:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Itakuomba pasiwedi mara mbili, hii si ya kuingilia kwenye kompyuta, ni ya kutumia mara moja tu dakika mbili zijazo. Weka herufi ndogo na namba za kawaida, achana na alama, kwasababu utakakoiandika kibodi inaweza isifuate mpangilio wako na huoni unachoandika. Afu ristati, na hapa kaa karibu na mashine. Kabla Ubuntu haijawaka inakuja skrini ya bluu inakwambia ubonyeze kitufe chochote, inahesabu sekunde kumi tu. Usipobonyeza inaendelea kuwaka kama kawaida na inabidi uanze tena ile amri ya mokutil. Ukibonyeza chagua Enroll MOK (kusajili ule ufunguo), afu Continue, afu Yes, weka ile pasiwedi, afu Reboot. Hiyo skrini inatisha kwa mtu anayeiona mara ya kwanza, inaonekana kama mashine imeharibika, nimeshakuta watu wameizima kwa kushikilia kitufe cha pawa. Haijaharibika, ndo mlango wenyewe huo. Ukirudi kwenye Ubuntu andika tena sudo modprobe wl na safari hii ikae kimya.

Ikikubali leo, jua kwamba itakuja siku umeapdeti, umeristati, waifai haipo tena. Usianze upya na video. Andika uname -r uone kerneli unayotumia, afu dkms status uone bcmwl imekompailiwa kwa kerneli ipi. Namba zikitofautiana ndo jibu, mara nyingi kerneli imekuja mpya na heda zake hazikuja nayo. Ili isikutokee, weka linux-headers-generic, au kama uname -r inaonyesha 6 kitu kwenye hiyo 22.04 basi ni linux-headers-generic-hwe-22.04, hapo heda zitakuwa zinakuja zenyewe kila apdeti. Na siku ya dharura ristati, kwenye menyu ya GRUB (inayokuja wakati wa kuwasha) chagua kerneli ya zamani, waifai itarudi uitumie kurekebishia ile mpya. Ndo maana usiwe mwepesi wa kufuta kerneli za nyuma, bakiza angalau moja.

Sasa tuseme wl imeingia, ip link inaonyesha wlp2s0 au wlo1, ila bado mitandao haionekani. Hapo hatuzungumzii draiva tena. Andika rfkill list, inaonyesha kama waifai imezimwa. Kuna mistari miwili, Soft blocked na Hard blocked. Soft ikiwa yes ni programu imezima, sudo rfkill unblock wifi inamaliza. Hard ikiwa yes hakuna amri ya kuifungua, ni kitufe au swichi, kwenye laptopu nyingi za aina yako ni kile kitufe chenye alama ya antena au ndege kwenye safu ya juu ya kibodi, chenye taa ndogo. Nakumbuka laptopu moja niliyoletewa, mwenyewe alikuwa ameshaweka Linux mbalimbali tatu juu yake usiku kucha, nami nikapoteza karibu saa nzima nikisoma dmesg (kumbukumbu za kerneli) kabla ya kuandika rfkill list, kumbe Hard blocked: yes, kitufe kilibonyezwa wakati wa kusafisha kibodi. Tangu siku ile naiandika kabla ya kitu kingine chochote. Wenye Lenovo za Ideapad hapa kuna la ziada, kuna modeli ambazo moduli inayoitwa ideapad_laptop inaripoti swichi ambayo hata haipo kwenye mashine, ukiitoa kwa sudo modprobe -r ideapad_laptop waifai inafunguka.

Na kama mitandao inaonekana ila ule wa nyumbani kwako haupo, wakati simu inauona, usishangae. BCM43142 ni kadi ya 2.4 GHz peke yake, mtandao wa 5 GHz haitauona hata ukae juu ya ruta. Pia hii draiva haiwezi WPA3 (ulinzi mpya wa waifai), kwahiyo ruta ikiwa imewekwa WPA3 tupu itakuwa inakataa pasiwedi ambayo ni sahihi kabisa, weka ruta kwenye WPA2 au ile ya kuchanganya WPA2 na WPA3. Na kama inashika ila inakatika au inazubaa kila ukiacha dakika chache, fungua faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, utakuta wifi.powersave = 3, badilisha iwe 2, afu sudo systemctl restart NetworkManager. Namba 3 maana yake okoa umeme, 2 maana yake usiokoe. Betri inapungua kidogo ila mtandao unatulia.

Kwa wengine wanaosoma na kadi zao si Broadcom, msije mkainstoli bcmwl, haiwahusu. Mwenye Intel draiva yake iwlwifi tayari imo kwenye kerneli, inachokosa mara nyingi ni fimwea, yaani lile faili ambalo draiva inalipakia ndani ya kadi kila unapowasha. Andika sudo dmesg | grep iwlwifi. Ukiona Direct firmware load ... failed with error -2, hiyo -2 maana yake faili halipo, ila usikimbilie kuogopa, draiva huanza kutafuta toleo jipya zaidi ikikosa inashuka, inashuka, kwahiyo mistari mitatu minne ya kushindwa ikifuatwa na loaded firmware version ni kawaida kabisa. Tatizo ni kama ule mstari wa mwisho haupo. Kwenye Ubuntu fimwea ziko kwenye pakeji ya linux-firmware, kwenye Debian ni firmware-iwlwifi, na kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 flashi ya kuinstolia inakuja nazo, hii imepunguza maumivu sana. Realtek mpya, mfano RTL8852AE, inataka kerneli kuanzia 5.16, ukiwa na ya nyuma ya hapo apdeti kerneli kabla hujaanza kuokota draiva za watu. Na wenye RTL8723BE ambao waifai inashika ukiwa mita moja tu toka kwenye ruta, laptopu nyingi zenye hiyo chipu zina antena moja na draiva inasikiliza upande usio na antena, andika options rtl8723be ant_sel=2 ndani ya faili jipya kwenye /etc/modprobe.d/, ristati, ikigoma jaribu 1.

Turudi kwako. Ukiniuliza maoni yangu ya dhati, hiyo wl itakusogeza ila kama laptopu unaitegemea kwa kazi kila siku, ukipata nafasi badilisha kadi. Ni skrubu chache na waya moja au mbili nyembamba za antena. Fungua kwanza uangalie tundu, za umri huo nyingi ni mini PCIe nusu, si M.2, na hazikubaliani kabisa. Intel 7260 ya umbo la mini PCIe, au Atheros yoyote inayotumia draiva ya ath9k, utachomeka na Ubuntu itaiona bila kuinstoli chochote. Angalia kitu kimoja, baadhi ya laptopu za zamani BIOS yake ina orodha ya kadi inazozikubali, ukiweka nyingine inagoma kuwaka na kukuandikia meseji, ukiirudisha ya zamani inawaka kama kawaida. Hufungui laptopu? Basi kadi ya USB yenye chipu ya MT7612U, draiva yake imo kwenye kerneli na inashika 5 GHz. Soma chipu, usisome jina la boksi.

Anza na ule usafishaji wa blacklist, afu simu kwa USB, afu bcmwl, afu skrini ya bluu, kwa mpangilio huohuo. Ukikwama popote niwekee majibu ya hizi nne yakiwa maandishi, si picha, maana nahitaji kuyakopi:

lspci -nnk
rfkill list
dkms status
mokutil --sb-state

na useme amri ya mwisho uliyoandika kabla haijagoma, na maneno iliyokujibu kama yalivyo.